Kitabu Kilichovikwa Gazeti

Tehran, Jumatatu, 10 Esfand 1366 (29 Februari 1988)

Nilikuwa nachambua majani ya shambalile, yaani uwatu, jikoni, mara bilauri ya chai ikatembea yenyewe juu ya meza, kiasi cha shubiri moja, ikasimama. Ndipo mlio ukaja. Vioo vya madirisha vikavimba kuelekea ndani lakini havikupasuka. King'ora kililia baadaye, shughuli ikiwa imeshakwisha.

Redio inasema lilikuwa kombora la Iraki, si ndege. Ndege unaisikia ikija. "Hili ukilisikia, Bi Mahlagha, ujue limekukosa," Haji Tavakkoli wa ghorofa ya juu ameniambia ngazini, akidhani ananifariji.

Nimefungua daftari hili kwa sababu mikono inatetemeka. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mnakili wa nota wa okestra, na mkono wangu umezoea kwamba ukishika kalamu sharti utulie. Leo hata kalamu haikusaidia. Tazama mwandiko.

Jumanne, 11 Esfand

Makombora matano leo.

Jumatano, 12 Esfand

Nilidhani hawatakuja. Marafiki zangu wakaja wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa mlango wa uani, kama kawaida.

Jumatano ni siku yetu. Katika chumba changu cha chini ya ardhi kuna makasha kumi na moja ya santuri, zaidi ya mia tatu, za marafiki waliohama nchi wakaniachia kwa maneno yaleyale: "Zitunze mpaka turudi." Muziki huo hauruhusiwi tena. Basi tunaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, tunaifunika gramafoni kwa blanketi, na tunasikiliza kwa sauti ambayo mtu akimeza mate unakosa nota. Upande mmoja wa santuri tu. Baada ya hapo Anahid hupiga kofi moja dogo na kuuliza: "Haya, nani anasoma nini?" Mazungumzo hayo wakati mwingine ni matamu kuliko muziki wenyewe.

Anahid ni mwalimu wa piano, Muarmenia, ulimi wake ni wembe. Bwana Kiumars alikuwa mhandisi wa reli, sasa amestaafu. Daktari Ruzbeh Niktab ni daktari wa meno na mjane kama mimi. Mwanawe Mazyar yuko Ulaya anasoma.

"Anza wewe, Kiumars," Anahid alisema leo. "Hilo tofali lako tukiliweka mlangoni kombora litarudi lilikotoka."

"Ni historia ya reli ya kusini. Nimefika ukurasa wa mia nne na treni haijaondoka kituoni."

"Mimi nasoma habari za nyuki. Wanavyomtoa malkia akizeeka."

"Unanisema mimi?" nikauliza.

"Shoga, wewe hujawahi kuwa malkia. Daktari, zamu yako."

Daktari alitoa kitabu kilichovikwa gazeti. Sote tunavisha vitabu gazeti siku hizi, jina lisionekane. Alisema jalada lilikuwa limeng'oka alipokipata, na kurasa za mwanzo hazipo, kwa hiyo hajui mwandishi ni nani. Ni riwaya ya kijana mpima ardhi aliyepotea kwenye kinamasi cha matete. Wenzake wamekwenda na mtumbwi. Dira yake imeingia maji. Kila anapopita anafunga fundo kwenye tete ili asirudi palepale, na jioni ya siku ya tatu anakuta tete lenye fundo.

Alisimulia hivyo, macho yakiwa kwenye kurasa, akifunua polepole. Sauti yake haikuwa na mbwembwe yoyote. Kwa robo saa nzima sikukumbuka kombora.

Kisha likaanguka moja, upande wa kusini, na Kiumars akaangusha bilauri.

Jumamosi, 15 Esfand

Kiumars amekwenda kaskazini, baharini, kwa wakwe zake. Amepiga simu kuaga. Alikuwa analia. "Mimi si mwoga, Mahlagha," alisema. Nikamwambia mimi ni mwoga, ila sina wakwe.

Nusu ya mtaa imehama. Magari yanapita na magodoro juu. Nimebandika utepe wa gundi kwenye vioo vyote, alama ya msalaba. Anahid anasema nyumba yangu imebatizwa.

Jumatatu, 17 Esfand

Haji Tavakkoli amegonga mlango baada ya sala ya adhuhuri. Haniangalii usoni anaposema nami, anaangalia kitasa cha mlango. Yeye ndiye msimamizi wa jengo. Ndevu zake zimepunguzwa kama wanavyozipunguza watu wa serikali ambao mimi nawaogopa.

"Bi Mahlagha, chumba chako cha chini ndicho chenye dari la zege. Kuanzia leo kitakuwa hifadhi ya jengo zima. Tunaomba ufunguo."

"Kimejaa vitu, Haji."

"Vitu gani?"

"Siki. Achari. Vitu vya marehemu mume wangu."

"Tutakaa katikati ya achari," akasema, na kushuka.

Anahid alikuja mbio. Tumetoa mitungi yote ya achari na kuipanga mbele ya makasha, tukatandika magodoro juu, na mazulia juu ya magodoro. Gramafoni tumeigeuza meza ya chai kwa kitambaa. Nilikuwa natetemeka hadi Anahid akanipiga kofi la mkono. Alisema ukitetemeka hivi watajua hata usipokuwa na kitu.

Jumatano, 19 Esfand

Haji Tavakkoli amekaa juu ya santuri arobaini kwa saa nzima na ushee, akivuta tasbihi. Kila aliposogea nilisikia kasha likilia chini yake. Sijui kama yeye alisikia.

Tulikuwa mimi, Anahid, Daktari, Haji, na mkewe Bi Sedigheh, mwanamke mnene mwenye macho mepesi asiyeacha kitu kipite. King'ora kilikuwa kimetukuta wote nyumbani.

"Na huyu Daktari," akaniuliza Sedigheh bila kuficha, "hana hifadhi kwao?"

Nikajishughulisha na birika. Mwanamume asiye ndugu, katika chumba cha wanawake wawili. Anahid akadakia: "Tuna kikundi cha kusoma, Bi Sedigheh. Tunaulizana tunasoma nini."

"Kusoma nini?"

"Daktari, msimulie."

Basi Daktari akatoa kitabu chake. Sasa mpima ardhi amekutana na mwanamke anayekamua nyati wa kufugwa. Mwanamke hasemi neno. Anampa mtindi mzito kwenye jani, anamwonyesha upande kwa kidevu, anaendelea kukamua. Ndiyo sura nzima. Lakini jinsi alivyosimulia ule mtindi, nilisikia baridi yake kwenye meno.

"Huyo kijana ana mama?" Sedigheh akauliza.

Daktari alifunua ukurasa. "Amefariki. Ana baba tu."

"Baba anafanya nini? Anamtafuta?"

"Kitabu hakijasema."

"Kitabu gani hicho hakisemi mambo ya maana!" Sedigheh alikasirika kabisa. "Utakuja lini tena?"

Haji akakohoa kumwonya. Lakini hakusema asije.

Jumatatu, 24 Esfand

Makombora yalinyamaza siku mbili, yakaanza tena. Kimya kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu mguuni.

Leo nimetoka. Nilitaka nikitafute kile kitabu nikisome mwenyewe, nijue kama kijana anafika. Nimeshindwa kungoja Jumatano; ni aibu kwa umri wangu. Mbele ya Chuo Kikuu maduka mengi ya vitabu yamefungwa. Mzee mmoja aliyekuwa wazi, anayeuza vitabu tangu mimi ni msichana, alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kinamasi, mpima ardhi, fundo kwenye matete, mwanamke na nyati.

"Hakuna kitabu hicho, mama."

"Labda ni tafsiri."

"Kwa Kiajemi hakuna. Kingekuwapo ningekuwa nimekiuza."

Nimerudi kwa miguu. Mbingu ilikuwa safi, bila wingu, na niliiogopa.

Jumatano, 26 Esfand

Nilimwomba Daktari anionyeshe kitabu. Nilisema kwa utani. Alikifunga, akakiweka ndani ya koti. "Kina kurasa zinazong'oka, Bi Mahlagha. Nitakuazima nikimaliza."

Mimi ni mnakili. Nimeishi kwa kutazama karatasi za watu. Alipokuwa anasimulia niliangalia macho yake. Hayakwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Yalikuwa yamesimama mahali pamoja kwenye ukurasa. Mtu huyu hakuwa anasoma.

Kwa nini mtu aje nyumbani kwangu na kitabu cha uongo?

Jumamosi, 29 Esfand

Nimemwona. Nilikwenda kutafuta samaki wa sikukuu ya mwaka mpya, basi likabadili njia kwa sababu ya nyumba zilizoporomoka, nikashuka mtaa nisioujua. Kuna jengo lenye mifuko ya mchanga na vijana wawili wenye bunduki langoni. Daktari Ruzbeh alikuwa anatoka humo. Mmoja wa wale vijana aliweka mkono kifuani akamwinamia kwa heshima. Daktari akakunja karatasi, akaiweka ndani ya kile kitabu, akaenda zake.

Nilijificha nyuma ya gari la mikate. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na saba.

Samaki sikununua.

Jumatatu, 1 Farvardin 1367

Mwaka mpya. Nilitandika meza ya desturi: siki, kitunguu saumu, tufaha, sumaku, matunda makavu ya senjed, ngano iliyochipua, uji mtamu wa samanu ambao Bi Sedigheh aliniletea kwenye kikombe. Mwaka ulipogeuka nilikuwa peke yangu na redio. Sikuomba heri. Niliomba kimya.

Jumatano, 3 Farvardin

Daktari alikuja. Nilimimina chai, nikaimwaga mkononi mwangu. Sikumwambia mtu neno. Katika riwaya, kiziwi mmoja amempakia mpima ardhi kwenye mtumbwi na kumpeleka upande usio wenyewe. Sedigheh alilia. "Mwambieni! Si amwonyeshe kwa mkono!"

"Anamwonyesha," Daktari akasema. "Kiziwi anadhani anamshukuru."

Hata Anahid hakutania. Nilimtazama Daktari nikajiambia: mtu anayeweza kudanganya hivi anaweza kufanya lolote.

Jumatatu, 8 Farvardin

Wamekuja.

Saa tano asubuhi, wanaume wawili, mmoja na bunduki, mwingine na ubao wa kuandikia. Haji Tavakkoli alikuwa nyuma yao. Hawakusema wametoka ofisi gani na sikuthubutu kuuliza. "Tunakagua hifadhi," akasema mwenye ubao. Wakashuka. Nilishuka nyuma yao, nikishika ukuta.

Waligonga dari. Wakaangalia bomba la maji. Mwenye bunduki akataka kukaa, akavuta godoro, na kasha likafunguka.

Alitoa santuri moja akaigeuza mwangani, kama mtu aliyeokota sahani chafu. "Hizi ni nini, mama?"

Nikainama kulifunga kasha.

"Ni za marehemu mumewe," Haji akasema kwa haraka.

Walichukua gramafoni na makasha mawili, kwa sababu walikuwa na mikono minne tu. Mengine walisema watayarudia. Santuri moja ilianguka ngazini, na yule kijana akaikanyaga akishuka, sidhani kwa kusudi. Niliandikishwa karatasi kwamba sitarudia. Kurudia nini, haikuandikwa. Nilitia sahihi. Ule mwandiko wangu mzuri ulionekana kama wa kuku.

Walipokwisha ondoka niliokota vipande vya santuri ngazini.

Nani alijua? Kiumars yuko baharini. Anahid angejichoma mwenyewe kwanza. Haji alinitetea. Amebaki mmoja. Ana kitabu ambacho si kitabu, na vijana wa bunduki wanamwinamia.

Jumatano, 10 Farvardin

Daktari hakuja. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Nilimwambia Anahid yote.

"Ruzbeh?" akasema. "Yule aliyenijazia jino akanipigia mluzi sonata nzima nisisikie maumivu?"

"Wewe umekiona kitabu ndani?"

Alikunja taulo la mlangoni. Kisha akasema, "Ningependa uwe umekosea. Lakini mimi nina wanafunzi wanne nyumbani, na piano."

Tukakubaliana: hatumfungulii tena.

Jumamosi, 13 Farvardin

Siku ya kwenda kula nje kwenye majani. Hakuna aliyekwenda. Makombora manane leo.

Jumatano, 17 Farvardin. Naandika jioni

Nitaandika kama ilivyotokea, bila kujipaka mafuta.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Haji na Sedigheh walikuwa wamekwenda kupanga foleni ya mafuta ya taa. Mimi na Anahid tulikuwa chini, tukikunja nguo tu, maana hatukuwa na muziki wala hatukuwa na hamu ya vitabu. King'ora kililia. Safari hii kililia kabla.

Kisha mlango wa uani. Mara tatu, polepole, kama anavyogonga yeye siku zote.

"Ni yeye," Anahid akanong'ona.

Niliufikia mlango kabla yake, lakini sikufungua. Nilishika komeo kwa mikono miwili. Kupitia kwenye mbao nilimsikia akihema. Alikuwa amekuja mbio.

"Bi Mahlagha? Ni mimi, Ruzbeh. Fungueni."

Sikujibu.

"Bi Anahid? Mko humo?"

"Fungua," Anahid akasema. "Mahlagha, fungua, mtu atakufa."

"Amekwisha kuwaleta mara moja."

"Fungua!"

Akanivuta bega. Nikamsukuma. Naandika hivi ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuwahi: nilimsukuma mwenzangu kwa kiwiko ili mtu mwingine abaki nje. Daktari aligonga tena mara tatu. Hakugonga kwa nguvu. Labda aliona haya. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Labda wameondoka."

Nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi moja, mbili.

Lilianguka mtaa wa pili. Sikusikia mlio, nilisikia hewa ikitoka mwilini mwangu. Taa ilizimika. Mlango wenyewe ulinisukuma nikaanguka juu ya mitungi. Harufu ya siki, vumbi mdomoni, na vioo vinaanguka uani kwa muda mrefu, kama mtu anamwaga gunia la vijiko.

Anahid ndiye aliyefungua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye achari nikisema "samahani, samahani," sijui kwa nani.

Alikuwa amelala kwenye ngazi, kioo cha dirisha la Haji kikiwa kimemmwagikia. Uso wake sikuuona kwa damu. Haji Tavakkoli alitokea kutoka barabarani, bila kofia, mafuta ya taa yamemlowesha suruali, akampakia Daktari mgongoni kama mtoto na kukimbia naye hadi gari la wagonjwa. Mtu wa miaka sitini na tatu.

Nilibaki uani na mvua. Kitabu kilikuwa kwenye ngazi ya tatu. Gazeti lilikuwa limelowa na kujivua lenyewe.

Nilikiokota. Ni daftari la vipimo vya ardhi, la mwanafunzi. Namba tupu, ukurasa kwa ukurasa: umbali, pembe, mwinuko, kwa penseli. Kwenye jalada la ndani: Mazyar Niktab, mwaka wa tatu. Hapana riwaya. Katikati kulikuwa na karatasi iliyokunjwa ya jengo lile lenye mifuko ya mchanga. Inasema askari Mazyar, mwana wa Ruzbeh, hajulikani alipo tangu tarehe nne Bahman, mwezi uliotangulia Esfand, na familia itaarifiwa.

Alhamisi, 18 Farvardin

Hospitali hawakuniruhusu. Ni macho yote mawili, wameyafunga. Hawajui bado.

Anahid hasemi nami, wala hasemi na nafsi yake.

Ijumaa, 19 Farvardin

Haji amenikuta ngazini nimekaa. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Bi Mahlagha, nina jambo linanikaba. Wale wakaguzi niliwaita mimi."

Nilidhani sikusikia.

"Bomba la pale chini linavuja. Niliogopa likipasuka watu watazama humo. Nikaomba watume fundi, wakatuma wale. Sikujua habari ya makasha. Ningejua, ningekwambia uyapeleke kwangu. Nani angemkagua Tavakkoli?" Akashusha pumzi. "Nilikaa juu yake siku zile nikisikia kitu kinalia. Nilidhani ni sahani za harusi yako."

Nikamweleza Haji kwamba Daktari alikuwa baba wa askari aliyepotea, na nilichomfanyia. Sikujua kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu nilikuwa nimemwogopa kwa miaka tisa.

Alivuta tasbihi yake mzunguko mzima. "Mwanangu wa pili yuko Khorramshahr, chini ya udongo," akasema. "Huyo Daktari angeniambia, ningekwenda naye kule ofisini. Kwa nini hakusema?"

Sasa nadhani najua. Alituambia sisi Mazyar yuko Ulaya kwa sababu ndivyo alivyotaka iwe. Na kwa Haji angesema nini? Kila mmoja wetu, kwa hofu yake, alikuwa amemfungia mlango.

Jumatano, 24 Farvardin

King'ora mara mbili. Tulishuka wote. Vyumba vya jirani vimevunjika, kwa hiyo tulikuwa wengi, nyuso nisizozijua.

"Na yule kijana wa kwenye matete?" Bi Sedigheh akauliza mbele ya watu. "Bi Mahlagha, wewe si ulikuwapo? Endelea basi, Daktari akiumwa."

Nilifungua mdomo. Ningeweza. Nimeshazijua njia zake: mtu mmoja, msaada mdogo, hatua moja. Lakini nilipofika pale kiziwi alipomshusha ukingoni, nikaona si haki yangu kumpeleka mbele wala kumwacha pale.

"Kitabu anacho mwenyewe," nikasema.

Sedigheh akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani Haji amemwambia. "Basi tumngoje," akasema, akavuta shuka miguuni.

Jumapili, 28 Farvardin

Hospitali wameniruhusu kumwona. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia litaona, labda, baada ya miezi. Bandeji imefunika yote mawili.

Nilisimama miguuni mwa kitanda nikasema jina langu.

"Mlikuwapo," akasema. Hakuuliza.

"Tulikuwapo. Nilishika komeo. Anahid alitaka kufungua."

Nesi akaingia, akatengeneza shuka, akatoka.

"Ulidhani mimi ni nani?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari za mzee wa duka la vitabu, lile lango, yule kijana aliyeinama.

"Huinamia wazazi wote," akasema. Halafu: "Nenda, Bi Mahlagha. Leo nenda."

Daftari nililiweka chini ya kiganja chake. Vidole vyake vililipapasa, vikalitambua.

Jumatano, 31 Farvardin

Redio imetangaza: miji haitapigwa tena. Watu wametoka barabarani na peremende, ingawa ni Ramadhani, wanaziweka mfukoni hadi magharibi. Nimekaa sakafuni. Mwili hauamini; mlango wa gari ukifungwa nje, nalala kifudifudi.

Anahid alikuja jioni, akabisha mlango wa mbele, machoni pa watu wote. Tumefuturu kwa Haji, supu ya tambi na tende. Haji alileta kasha moja begani. "Moja wamenirudishia. La pili wanasema halikuwahi kuwapo." Hakuuliza ndani yake mna nini. Sedigheh aliuliza, Anahid akamweleza kwa saa nzima.

Alhamisi, 1 Ordibehesht

Simu ya Daktari. Sauti yake kavu.

"Wametoa orodha mpya ya waliopatikana, waliotekwa na waliokufa. Jumamosi wanaibandika. Jirani yangu hajui kusoma vizuri. Haji Tavakkoli ana miwani mibovu." Akasita. "Wewe umenakili nota miaka ishirini na sita. Huruki mstari."

"Siruki."

"Saa tatu."

Jumamosi, 3 Ordibehesht

Nilimshika kiwiko kutoka kwenye teksi. Wale vijana wa langoni waliweka mkono kifuani wakatuinamia wote wawili. Nilijihisi mwizi.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa uani, karatasi hamsini na mbili, maandishi ya taipureta, wino hafifu. Watu labda mia mbili, na hakuna anayesukuma. Wanawake wa kutoka Varamin na Saveh, waume zao wazee, wengine wanafuatisha mistari kwa kidole bila kujua herufi.

"Nun ya Niktab iko mwishoni," nikamwambia. "Nianzie huko?"

"Anza alifu. Makarani hukosea. Anaweza kuwa popote."

Nikaanza alifu. Jina, jina la baba, mji, mwaka wa kuzaliwa. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu mwanamke mmoja alisogea akasema, "Mama, na wangu niangalizie, Gholam-Reza wa Varamin," na mwingine nyuma yake, na mzee mmoja akiwa na picha. Daktari akaniambia, "Wasomee. Soma wote." Basi nilisoma wote. Gholam-Reza wa Varamin alikuwapo, karatasi ya kumi na tisa, ametekwa, yu hai. Yule mama alinishika mkono akaubusu kabla sijaweza kuutoa, kisha akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, na watu wakampepea.

Daktari aligeuza uso wake uliofungwa kuelekea sauti yake. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Endelea."

Ilinichukua hadi adhuhuri. Koo liliniwaka na sikuwa na ruhusa ya maji. Nilisoma mim, nikasoma nun, kila jina, nikasoma waw na ha na ya. Karatasi ya hamsini na mbili ilikuwa na majina sita tu.

Nikasoma la sita, naye akaelewa.

"Hayupo kwenye walio hai," akasema.

"Hayupo kwenye walio hai. Hayupo kwenye waliokufa pia."

Alisimama na mkono kwenye ukuta, kama anayetaka kujua umetengenezwa kwa nini. Watu walipita upande wetu huu na huu.

"Sijakusamehe, ujue," akasema.

"Najua."

"Macho yako yamechoka?"

"Hapana."

"Basi soma tena. Polepole."

Nikarudi kwenye karatasi ya kwanza, alifu.